Usitume kwenye grupu, piga simu

Wadogo zangu mnaojifunza ugabai, kazi ya kusimamia sala za sinagogi letu, juzi mmerudia yale yale. Saa kumi jioni ujumbe umetupwa kwenye grupu la WhatsApp: "Tunahitaji minyani leo kwenye shiva," yaani Wayahudi kumi wa kusali pamoja kwenye siku saba za matanga. Madole gumba 14. Waliofika, sita. Mkaanza kunung'unika kwamba watu wa Nairobi hawaipendi jumuiya yao. Acheni hizo.

1. Msihutubie. Jiwe la msingi la sinagogi mwaka 1912, jengo la sasa 1955, ni historia tamu, nami naipenda. Haijamtoa mtu hata mmoja kwenye foleni ya Uhuru Highway.

2. Mpigie mtu mwenyewe, umwambie yeye ni wa ngapi. Hili nimelilipia.

Miaka yangu ya mwanzo, rafiki yetu alifiwa na mama. Siku ya tatu ya shiva nikamwahidi, "Usijali, tutatimia." Sikumpigia mtu, nilidhani wote wanajua. Mvua ikashuka. Tukakaa sebuleni kwake, kioo kimefunikwa shuka, yeye kwenye kigoda, shati limechanwa kifuani. Mnajua hatuhesabu vichwa, tunapita na Zaburi 28:9, maneno kumi ya Kiebrania, kila mtu na neno lake. Nikanong'ona nikiwatazama mmoja mmoja: hoshia, et, amekha... mpaka "ad". Neno la mwisho, haolam, likakosa mwenyewe. Nikarudia tangu mwanzo, utadhani kuna mtu angeota kwenye kochi. Tulingoja dakika 40. Mwishowe akasema yeye, kwa upole ulionichoma, "Tusali tu." Tulipofika mahali pa Kadishi, sala ya mfiwa isiyosemwa bila watu kumi, akafungua mdomo, akakumbuka, akaufumba. Mimi nikabaki kutazama soksi zake.

Kesho yake mtu wetu mmoja wa jengo lile lile, ambaye hata Yom Kippur, siku yetu kuu ya toba, haonekani, alinijia juu: "Mlikuwa tisa, na mimi niko ghorofa ya pili natazama mpira?" Tangu hapo hakosi. Hajawa mcha Mungu, na anachokula msimuulize. Ila ukimwambia "wewe ni wa kumi," tayari anatafuta viatu.

3. Simu zianze asubuhi, na utafute 12.

4. Mkifika, nyamazeni mpaka mfiwa aanze.

5. Yule wa ghorofa ya pili msimwongezee kazi. Nilijaribu kumfanya mweka hazina. Alipotea miezi miwili.