Linda Ijumaa Yako: Miaka Minne ya Kusoma Shahada Nikiwa Kazini Mtwara

Jumapili iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana wa Nachingwea. Amemaliza kidato cha sita, PHP, lugha ya kuandikia programu, anaijua kidogo, na amesikia kuwa Uingereza mtu anaajiriwa na kampuni kubwa huku anasoma shahada, ada analipiwa. Akaniandikia: "Dada, shikamoo. Wewe ulifanya hivyo hapahapa Mtwara. Na mimi nimeitwa usaili. Nikubali?"

Marahaba mdogo wangu. Kubali. Ila kabla hujasaini, soma haya hadi chini, maana mwezi uliopita ndiyo nimemaliza miaka yangu minne na mengine bado yananiuma.

Huko Uingereza uanagenzi wa shahada, yaani huko kuajiriwa huku unasoma, ulianza mwaka 2015. Tangu 2017, kampuni ambazo jumla ya mishahara yake inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka zinatozwa asilimia 0.5 ya mishahara hiyo kugharimia mafunzo ya wanagenzi. Mwanagenzi halipi ada, mshahara anapata, na kwa miaka kadhaa kanuni ilitaka angalau asilimia 20 ya saa zake za kazi ziwe za kujifunza. Yaani siku moja katika wiki. Hiyo siku moja ishike, nitairudia.

Mimi sikuwa na kanuni ya serikali ya kunilinda, nilikuwa na mkataba tu. Kampuni ni kubwa, ina maghala na malori, jina lake nalihifadhi. Kazi Jumatatu hadi Alhamisi kwenye kitengo cha mifumo ya kompyuta, Ijumaa kusoma, ada wanalipa wao, posho laki tatu kwa mwezi. Shahada niliichukua Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo Mtwara na kingine Lindi, kwa hiyo sikulazimika kuhamia Dar. Kompyuta alininunulia mama. Aliuza korosho zake Newala, akaja mwenyewe na basi, hela kaifunga kwenye khanga. Siku ile niliapa sitamwangusha.

Mwaka wa kwanza sina la kuuelezea. Printa, nyaya, nywila za watu waliosahau nywila.

Ikaja Oktoba 2022. Aliyekaa Mtwara anajua Oktoba ni nini: msimu wa korosho umefunguliwa, malori yamepanga foleni hadi barabarani, kila mtu ana haraka. Karani wa mizani akapiga simu kwamba uzito wa lori moja umeingizwa vibaya, akaomba turekebishe. Msimamizi wangu alikuwa kwenye kikao. Nikasema hii ndogo, naiweza. Nikaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata, nikaandika amri ya UPDATE, nikasahau WHERE. Nikabonyeza.

Wanaoandika programu wameshashika kichwa. Kwa wengine: niliiambia kompyuta ibadilishe uzito bila kuiambia ni wa lori gani. Kila lori lililowahi kupita pale tangu mfumo uanze kazi likawa na kilo 14,220.

Kosa langu kubwa halikuwa hilo. Kosa langu ni dakika arobaini nilizokaa kimya. Nilienda msalani nikalia, nikarudi, nikajaribu kutafuta dawa intaneti huku malori yanaendelea kupimwa. Kama ningesema palepale, mizani ingesimamishwa na kazi ya usiku ingekuwa nusu yake.

Msimamizi alipojua, alisimama katikati ya ofisi, watu wote wanasikia, akasema: "Ndiyo haya ya kuokota watoto wa vijijini mnawapa seva." Kosa lilikuwa langu, nalikubali mpaka leo. Lakini kijiji changu kilihusikaje? Mama yangu aliyeuza korosho alihusikaje? Miaka imepita na sentensi ile naisikia kwa sauti yake.

Nakala rudufu ilikuwa ya saa sita usiku. Tukiirejesha, tunapata yote isipokuwa ya siku ile, malori 63. Aliyetuokoa ni mzee wa mizani, ambaye vijana wa ofisini walikuwa wakimcheka kwa kutunza nakala za kaboni kwenye boksi la sabuni. Akavuta kiti akaniambia, "Binti, karatasi zote ninazo. Kaa hapo, nikusomee." Akasoma, nikaandika, lori baada ya lori, mpaka saa nane usiku. Mkewe alikuwa amemfungia ming'oko, tukala wote. Hakuniuliza hata mara moja nilifanya nini.

Tangu siku ile sibadilishi data bila kuanza na SELECT, amri ya kutazama tu, nione ni mistari mingapi nitaigusa. Kisha nafungua muamala, yaani badiliko halihifadhiwi mpaka nithibitishe, nabadilisha, nahesabu tena, ndipo nathibitisha. Hesabu ikikataa, narudisha nyuma na hakuna kilichoharibika. Hili ungeweza kulisoma popote, lakini andika kwenye daftari lako.

Sasa Ijumaa. Kwa aibu ya lile kosa nilitaka waone kwamba mimi ni mchapakazi, nikaanza kwenda kazini Ijumaa. Mwanzoni niliombwa kwa upole, "njoo mara moja tu". Baada ya mwezi hakuna aliyeomba, nilitarajiwa tu. Niliendelea hivyo miezi saba. Kwenye mtihani wa hisabati za kompyuta nikafeli. Mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani tangu msingi. Nilikaa ufukweni Shangani mpaka giza likaingia, najiuliza nitamwambia nini mama.

Ndugu zangu, hakuna mtu atakayekutunzia muda ambao wewe mwenyewe unaugawa. Bosi ana lori linasubiri, hana mtihani wako. Ukimpa Ijumaa moja ataipokea, na wala si mtu mbaya kwa kuipokea. Kataa mapema, kataa kwa adabu, kataa kwa maandishi. Nilichukua mkataba, nikapigia mstari kifungu cha siku ya kusoma, nikaandika barua ya nusu ukurasa kwa afisa rasilimali watu. Mikono ilinitetemeka. Jibu lilikuja siku mbili baadaye: Ijumaa ni yako. Barua tu! Miezi saba nililia kwa kitu cha barua moja.

Mtihani nikaurudia, nikapata B+.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita, na tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za baharini zikaharibika, intaneti nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Wenzangu waliokuwa wanategemea kila kitu kiwe mtandaoni walikwama. Mimi mradi wangu wa mwisho ulikuwa kwenye Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi yako, na Git inaweka historia yote ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo nikaendelea kama kawaida. Mradi wenyewe ulikuwa moduli ya mizani, yaani sehemu ya mfumo inayoshughulikia uzito: uzito ukishaingia haubadilishwi mpaka mtu wa pili aidhinishe, na kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya. Leo ndiyo inayotumika pale. Msimamizi yule anaitumia kila siku, na jina langu liko kwenye kumbukumbu za moduli hiyo. Najivunia, na sioni kwa nini nifiche.

Kwa hiyo mdogo wangu, kwenye usaili uliza haya: siku ya kusoma imeandikwa kwenye mkataba au inasemwa kwa mdomo? Ukifeli somo, ada ya kurudia analipa nani? Baada ya kumaliza unafungwa miaka mingapi? Na uliza nani atakayekaa na wewe siku utakapokosea, maana utakosea. Ukikosea, sema dakika ileile. Na siku yako ya kusoma usiigawe. Nimeshasema, narudia.

Wakikupa mkataba usisaini palepale. Omba siku mbili, niletee tuusome pamoja. Ijumaa yoyote kuanzia saa kumi jioni nipo nyumbani.