Ukitaka simulizi ya mama, mfuate kazini kwake

Wadogo zangu wanaoanza filamu za maisha halisi ya akina mama huku Nyanda za Juu Kusini huniuliza kwanza wanunue kamera gani. Kamera itapatikana, hata ya kuazima. Mimi nawaambia hivi: usimkalishe mama kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba ukaanza kumhoji. Mfuate anapofanya kazi.

Nenda Ikombe, mbele ya Matema kule Kyela, kwa akina mama wa Kikisi wanaofinyanga vyungu. Ukimkalisha atakujibu kama yuko mbele ya karani wa sensa: jina, umri, watoto wangapi. Mwache ashike udongo. Mkono mmoja uko ndani ya chungu, mwingine unalainisha ukingo, na huku ameinamia kazi ataanza mwenyewe kueleza nani alimfundisha, pesa ya vyungu imesomesha nani, na kwa nini binti yake hataki kabisa kurithi udongo huo. Usimkatize. Tena ukikaa kuediti, picha za ile mikono ndizo zitakazofunika kila mahali ulipokata maneno.

Lugha mwachie achague. Baba yangu Mnyakyusa, mama Mhehe, nyumbani tuliongea Kiswahili. Najua mtu akikasirika anahamia lugha gani. Wewe weka maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Mkalimani awe mwanamke wa hapohapo, si kijana wa mwenyekiti wa kijiji, maana mbele ya huyo habari za mume hazisemwi.

Sauti itakutesa kuliko picha. Tukuyu mvua ikianza kupiga bati, hakuna maiki itakayokuokoa. Ukiweza subiri kiangazi, ila ujue baridi ya Julai kule Makete inakula betri. Zitunze mfuko wa ndani wa koti.

Vibali usivikimbie. Kuna Bodi ya Filamu, inayosimamia sheria ya filamu ya mwaka 1976, halafu afisa utamaduni wa halmashauri, halafu mtendaji wa kijiji. Lakini barua ya mtendaji si ridhaa ya mama. Msomee kwa sauti unachotaka kufanya na utakionyesha wapi, na akisema ngoja nifikirie, ondoka ukarudi siku nyingine.

Na mlipe. Mama lishe wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, akisimamishwa na kamera yako mchana, wateja wa ugali wanahamia kwa jirani. Wapo wanaosema kulipa kunaharibu ukweli. Mbona mtu wa sauti unamlipa?

Watu wenye fedha za kukusaidia wengi watataka machozi: mjane, kipigo, mirathi. Mambo hayo yapo, wala usiyafiche. Ila mama huyohuyo ni mweka hazina wa kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopeshana, anajua nani hajarejesha mkopo, na anawacheka vibaya sana wanaume wa kijiji. Ukiyaacha hayo umemrekodi nusu.

Kabla hujaituma filamu yako tamasha la filamu la Zanzibar au kuipandisha YouTube, rudi na kompyuta umwonyeshe. Akisema kipande cha mume kitoke, kitoe, hata kama ndicho ulichokipenda kuliko vyote. Wewe utapanda basi kurudi Mbeya mjini. Yeye anabaki na mume na mawifi. Ila usiende siku ya gulio, hatakuwa na muda na wewe.