Wapya wamefika kazini, tunawatambulishaje? Shangazi anajibu

Shikamoo shangazi. Mi ni mratibu kwenye kijishule cha kazi za mikono huku Chamwino, tunafundisha ufinyanzi, kusuka vikapu na kutengeneza zeze na marimba. Mwezi huu tumepata stafu watatu kwa mpigo: bibi mfinyanzi, kijana fundi wa zeze na mhasibu, afu kuna wanne wa fildi, wanafunzi wa chuo waliokuja kujifunza kwa vitendo. Mkuu kaniambia niwatambulishe Jumatatu mbele ya wanafunzi na wazazi, na niandike maelezo ya kubandika ubaoni. Nimeanza na elimu ya kila mtu, nimefika kwa bibi nimekwama, hana hata cheti cha darasa la saba na hao wa fildi wanasoma diploma. Nikimweka chini yao naona aibu, nikimweka juu watanuna. Nifanyeje?
*Msomaji, Chamwino*

Marahaba mwanangu. Hiyo karatasi ichane uanze upya, maana tatizo sio bibi, tatizo ni hicho kipengele cha elimu ulichokiweka juu kabisa. Mzazi wa Chamwino anayemleta binti yake hapo anataka kujua huyo mwalimu anaweza kufanya nini, basi. Andika kila mtu anatengeneza nini, ameanza lini, na mwanafunzi atakaa naye siku gani. Ukiandika hivo bibi anapanda juu mwenyewe bila wewe kumpandisha, na hao wa fildi wakinuna waache wanune, udongo utawanyoosha.

Kuna kitu nilikiona zamani kwenye karakana moja ya ala za muziki. Kaletwa mzee fundi kutambulishwa, bosi akaongea weee, mzee kasimama pembeni kashika kofia yake, hata jina lake likakosewa na hakuna aliyestuka. Sasa pale mezani kulikua na ilimba, ile marimba kubwa ya Kigogo yenye vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, imelala kwa sababu ilikua hailii vizuri. Mnajua ile ina tundu kwenye boksi lake linazibwa na utando mweupe wa kifuko cha mayai ya buibui, ndo unaoleta ule mvumo kama nyuki wako ndani. Utando ulikua umechanika. Mzee wakati bosi bado anaongea akatoa kikopo mfukoni, akachomoa kipande cha utando, akakibandika taratibu kwa ncha ya kidole, akapiga chuma kimoja, cha pili, ile sauti ikajaa chumba kizima. Bosi mwenyewe akanyamaza. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza habari ya vyeti vya yule mzee.

Kwa hiyo Jumatatu bibi asisimamishwe mstarini kama anangoja chanjo. Mtengee sehemu kivulini, udongo uwe umelowekwa na kukandwa tangu juzi yake, na awe na chungu alichokianza mapema ili wakati wewe unaongea yeye anamalizia mdomo wake. Usimwambie aanze chungu toka mwanzo mpaka mwisho mbele ya watu, haiwezekani, chungu kinataka siku za kukauka polepole, tena mbali na upepo maana upepo wetu wa Dodoma ukikikausha upande mmoja kinapasuka. Wa fildi wakae hapohapo chini pembeni yake, mikono michafu, watambulishwe wakiwa hapo. Kama bibi anapenda kuanza na mbukwenyi, ile salamu ya Kigogo, aanze, wazazi wataitikia na utaona uso wake unavofunguka.

Kuhusu wa fildi taja majina yao kamili, chuo, wako chini ya nani na wanaondoka lini. Hiyo tarehe ya kuondoka usiisahau! Watoto wanazoea mtu, ghafla Septemba kapotea, wanaanza kuuliza mwalimu fulani kafukuzwa? Ila mna bahati, vyuo vingi vinatoa watu wa fildi kiangazi na huo ndo wakati wa kuchoma vyungu, wangekuja Januari na mvua wangeishia kuangalia udongo tu. Fundi wa zeze mpe zeze apige. Mhasibu dakika moja inatosha, onyesha mlango wake na siku za kupokea ada.

Kingine hujaniuliza ila nakwambia. Bibi apewe maelezo ya ajira kwa maandishi kama wengine, na kama hajui kusoma asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, sheria ya ajira ya 2004 inataka hivo. Na kama hicho cheti kinawauma sana, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini, kaulizeni.

Shangazi mi ni mwanafunzi wa fildi. Siku ya kwanza tulitambulishwa "hawa ni watoto wetu wa fildi", hata majina hawakutaja. Wiki ya tatu sasa nafata chapati na kutoa fotokopi, logibuku yangu ya kuandika kazi za kila siku bado nyeupe.
*Msomaji, Dodoma mjini*

Pole mwanangu, na chapati zenyewe hakuna anayekuachia hata kipande. Usisubiri utambulisho wa pili, hauji. Kesho asubuhi mapema nenda kwa fundi, sio ofisini, muombe kazi ambayo kila mtu anaikimbia. Kwenye ufinyanzi ni kutwanga vigae, vile vipande vya vyungu vilivyovunjika vinasagwa na kuchanganywa kwenye udongo ili chungu kistahimili moto. Inachosha na vumbi lake sio mchezo (funga kitambaa puani), ila anayetwanga vigae anakua palepale fundi anapopima mchanganyiko, na huko ndo kuna somo lenyewe. Jioni andika ulichofanya, fundi asaini au aweke dole gumba. Ikifika wiki ya nne bado chapati, mpigie msimamizi wako wa chuo, ndo kazi yake.

Shuleni kwetu wamempiga picha mwalimu mpya wa vikapu, mama mtu mzima, wakaiweka kwenye grupu la WhatsApp la wazazi na namba yake ya simu. Sasa anapigiwa mpaka saa nne usiku na watu wanataka vikapu kwa bei ya bure. Walikosea au mi ndo naona vibaya?
*Msomaji, Kongwa*

Walikosea. Tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022, na picha na namba ya mtu ni vyake, anaulizwa kwanza. Hata bila sheria, mama wa watu alikuja kufundisha sio kufungua duka la usiku. Wekeni namba ya ofisi, oda zipite hapo na bei ipangwe na yeye mwenyewe. Ila hiyo namba yake ifuteni leo, kabla hata hamjamaliza kusoma gazeti.