Kuku Ndani ya Matatu

Dada, umeuliza ufanyeje unapoketi kuandika hadithi na ukurasa ukabaki mtupu hadi usiku wa manane. Acha kwanza kuiwaza hadithi nzima. Chukua kitu kimoja ulichokiona leo ndani ya matatu ya kutoka Rongai kwenda mjini, tuseme mama aliyepakata kikapu chenye kuku, kisha uandike kwa dakika 10 bila kufuta neno, ukijiuliza kuku huyo anapelekewa nani na kwa nini mama hataki kondakta akiguse kikapu. Kesho yake, simulia kisa hichohicho kwa sauti ya kondakta, ambaye (nadhani) atakumbuka nauli kuliko kuku. Ukikwama tena, eleza jinsi kuku alivyo bila kumtaja jina, kama kitendawili cha yai kisemavyo tu: nyumba yangu haina mlango.