Fundi wa Simu Anajibu: Vituko vya Ujumbe wa Sauti

Fundi, afisi yetu iko Industrial Area na tunatumia laini za waya. Kila asubuhi kisanduku cha ujumbe kimejaa "tuu, tuu, tuu" tupu, na wateja wakipiga wanaambiwa hakuna nafasi. Nani anatuchezea?

Hakuna anayewachezea. Mpigaji alikata simu, mtambo wenu wa simu, unaopokea na kurekodi ujumbe, usijue, ukaendelea kurekodi mlio wa laini iliyokatwa hadi muda ukaisha. Mlio huo hutofautiana nchi na nchi, na mitambo mingine huja imepangwa kwa ule wa Marekani: hezi 480 na 620 kwa pamoja, nusu sekunde unalia, nusu sekunde kimya. Ukisikika mwingine, mtambo hauutambui. Mwambieni fundi wenu aurekodi mlio kutoka kwenye laini yenyewe, aupime, kisha aingize vipimo hivyo. Tafadhali msikubali kuuziwa mtambo mpya kabla ya hapo. Inaniuma kuona biashara ndogo zikitoa pesa kwa jambo la mipangilio. Kwa sasa, wekeni kikomo cha dakika mbili kwa kila ujumbe.

Namba yangu ya siri inakubaliwa afisini, lakini nikipiga kwa simu ya intaneti kutoka nyumbani Umoja inakataliwa.

Kila kitufe hutoa toni mbili kwa mpigo. 5 ni hezi 770 na 1336. Kodeki, yaani njia za kubana sauti ipite kwenye intaneti, zikibana sana, kama G.729, huziharibu, na mtambo haujui ulichobonyeza. Kwenye mipangilio ya DTMF (hizo toni za vitufe) chagua RFC 2833, inayotuma kitufe kama data badala ya sauti, na mtambo wa afisi uwekwe vivyo hivyo.

Ujumbe ulioachwa saa tano asubuhi unaonyesha saa mbili. Halafu tukifungua saa mbili, wapigaji wanaambiwa tumefunga!

Tatizo ni moja. Mtambo unafuata saa za UTC (saa za kimataifa), nasi tuko saa tatu mbele. Kwenye mipangilio ya saa za eneo, chagua Africa/Nairobi. Hitilafu ikirudi kila stima ikipotea, kagua betri ya saa ya mtambo.

Wanaonipigia kwa rununu wanasikia sauti ngeni ikiwaambia waache ujumbe. Sijawahi kuomba huduma hiyo.

Piga \*#21#, kisha \*#61#, \*#62# na \*#67#, uone simu zako zinaelekezwa wapi. Ukiona namba usiyoijua, piga ##002# kufuta yote, na umjulishe mtoa huduma wako siku hiyo hiyo. Mtu akikupigia akuombe ubonyeze \*\*21\* na namba fulani, kata simu: anataka simu zako, pamoja na zile za kuthibitisha akaunti, ziende kwake.