Kugeuza jumba la Mji wa Kale kuwa makao ya wazee: tuanzie wapi?

SWALI: Tuna jumba la mawe la ghorofa moja, Mji wa Kale, Mombasa, aliloacha marehemu babu. Tunataka kuligeuza makao ya wazee kumi na wawili. Fundi anasema tuanze kazi tu kwa kuwa kuta za nje hatuzigusi. Diwani naye anasema tungoje bunge la kaunti lijadili. Nani yuko sawa?

JIBU: Hakuna aliye sawa. Bunge la kaunti hupitisha mipango ya matumizi ya ardhi. Haliketi kuamua nyumba moja moja. Ombi lenu linakwenda idara ya mipango ya kaunti, na linaitwa badiliko la matumizi, kutoka makazi ya familia hadi makao ya huduma. Badiliko hilo linahitaji kibali hata kama hamtagusa tofali. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019 inaweka faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili, kwa anayeendeleza ardhi bila kibali.

Kabla ya hapo tazameni karatasi. Ikiwa hatimiliki bado ni ya marehemu, mirathi itangulie. Kwa familia ya Kiislamu, Mahakama ya Kadhi. Ulizeni pia kama nyumba ni wakfu, yaani mali iliyotolewa daima kwa ajili ya dini au hisani. Na kwa kuwa Mombasa kuna watu wenye nyumba bila ardhi, hakikisheni mnachomiliki ni vyote viwili. Ombi laweza kukwama hapa kabla hata ya kufika kwenye uhifadhi wa majengo ya kale.

Kisha nendeni ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, iliyo chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya, mkiwa na michoro ya nyumba ILIVYO sasa: kila chumba kwa vipimo, kila mlango wa nakshi, madaka (vishubaka vya ukutani), roshani, pamoja na picha. Wasikilizeni kabla ya kumlipa msanifu achore nyumba itakavyokuwa. Maoni yao ya maandishi yaambatane na ombi la kaunti, linaloandaliwa na mpangaji miji aliyesajiliwa. Kaunti ikikataa, mna siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya masuala ya mipango, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mtaambiwa kwamba kimya cha siku 60 ni kibali. Sheria inasema hivyo, lakini kimya cha kaunti hakisemi kwa niaba ya Makavazi. Msianze kubomoa kwa kimya.

Sasa hiyo idadi ya wazee kumi na wawili. Vyumba vya majumba haya ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari ni fupi. Upana wa mita 2.6 ni wa kawaida. Kitanda kimoja cha sentimita 90 kikilazwa ubavuni mwa ukuta, inabaki mita 1.7, na kiti cha magurudumu kinachohitaji mita 1.5 kinageuka. Weka kitanda cha pili ukuta wa pili, inabaki sentimita 80; mzee ataingia kinyumenyume na hatageuka. Kwa hiyo vitanda vipangwe upande mmoja tu, kichwa kwa miguu. Hesabuni hivyo vyumba vya chini peke yake, maana ngazi za kupanda ghorofani ni za mwinuko mkali na hazimfai mzee wa mkongojo. Sidhani mtapata kumi na wawili. Ghorofani wakae wahudumu na iwe stoo ya vitu vyepesi.

Mlangoni, mteremko wa kiti cha magurudumu unahitaji mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kimo. Sakafu iliyoinuka sentimita 45 juu ya njia inadai mita 5.4, na uchochoro hauna nafasi hiyo. Msivunje baraza. Tafuteni mlango wa nyuma ulio karibu na usawa wa njia. Mara nyingi ndio unaoponya. Mlango wa nakshi ufunguliwe mbao zote mbili, usipanuliwe.

Kosa linaloua nyumba hizi ni saruji. Ukuta wa majumba haya, wa mawe ya matumbawe, hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia chokaa. Ukiupiga plasta ya saruji, maji hayana pa kutokea: yanapanda, chumvi inabandua rangi, na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani vinaoza kimyakimya hadi dari ishuke. Plasta iwe ya chokaa, sehemu 1 kwa mchanga 3, ifunikwe na kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa isikauke haraka. Vyoo vyote viwe chini, mabomba yapite wazi uani, yasichimbiwe ukutani. Bomba likivuja mtaliona. Tangi la lita 1,000 ni tani nzima ya maji, kwa hiyo lisikae juu ya paa la boriti.

Majirani watawauliza mambo mawili: madirisha yanayochungulia nyumbani kwao, na ambulensi itapita wapi. La kwanza lijibiwe kwenye mchoro. La pili, pimeni hatua kutoka kitandani hadi barabara inayopitika gari, mkiwa na machela halisi na watu wawili wakiibeba kwenye kila kona. Machela isipokata kona, chumba hicho si cha mgonjwa.