Maswali yenu: Anasali kila siku, mbona bado yuko vile?

SWALI: Habari za kazi. Mi nimekulia kwenye dini na mpaka leo nasali, ila kuna kitu kinanisumbua na sina pa kukiuliza maana nikimuuliza kiongozi wangu ataona imani imepungua. Watu walionidhulumu zaidi maishani ni wacha Mungu kabisa, wanajua maandiko, wanafunga, wanalia kwenye maombi. Sasa hivi dini imetufundisha nini kuhusu binadamu zaidi ya kwamba sote ni wenye dhambi? Maana hilo hata bila kitabu nalijua.

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na pole kwa yaliyokukuta. Kwanza nikutoe hofu, hao waliokudhulumu wameshaandikwa humo humo kwenye vitabu vitakatifu, tena kwa ukali kuliko ulivyoandika wewe. Hilo la "sote tuna dhambi" ni la juu juu tu. Walipochimba kweli kweli watu wa dini ni pale mtu anapojidanganya mwenyewe na asijue kabisa kama anajidanganya.

Chukua Daudi. Kalala na Bathsheba, mke wa Uria, mume kapangiwa mstari wa mbele vitani ili afe, mjane kaolewa, na maisha yanaendelea, mfalme anatawala kama kawaida. Nabii Nathani anakuja, hamtaji Bathsheba wala Uria, anampa kisa tu cha tajiri mwenye mifugo tele ambaye alipopata mgeni akaenda kumnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja aliyekuwa anakula naye na kulala naye kama mtoto wake. Daudi anawaka! Anaapa huyo mtu anastahili kufa, na mwanakondoo alipwe mara nne. Nathani anamjibu, mtu huyo ni wewe.

Sasa angalia vizuri hapo. Daudi hajakosa dhamiri, anayo na inafanya kazi haraka sana, hukumu imetoka palepale na hata hesabu ya fidia anaijua, tatizo ilikuwa inafanya kazi kwenye kesi za wengine tu, yake imelala. Hao jamaa zako nadhani ndo walivyo, wakisikia mahubiri kuhusu dhuluma wanamfikiria mtu fulani wanayemjua na wanaitikia amina kwa moyo mweupe kabisa, hawaigizi. Watu wengi wanadhani mnafiki ni mtu anayejua ukweli akauficha, kumbe wengi wao wameuficha hata kwao wenyewe. (Na siku ukitaka kuwaambia, mwige Nathani. Angeanza na "mfalme wewe muuaji" sijui kama angemaliza sentensi.)

Alafu kuna Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, ambaye yeye hakusubiri nabii aje. Alikuwa mwalimu mkubwa Baghdad, chuo cha Nizamiyya, wanafunzi wamejaa na heshima mpaka kwa watawala. Akaanza kujikagua, hivi mi nafundisha dini kwa ajili ya nani? Akakuta kinachomsukuma ni cheo na sifa. Unadhani aliacha siku hiyohiyo? Wapi. Ameandika mwenyewe kwamba alizunguka zunguka karibu miezi sita, leo anaamua kuondoka kesho anabadilisha mawazo, mpaka ulimi ukagoma, akawa hawezi kufundisha hata neno, na chakula hakipiti. Akaondoka mwaka 1095. Na kitu ninachokipenda mimi kwenye hiyo habari ni kwamba aliwatangazia watu anaenda Makka, huku moyoni ameshapanga kwenda Sham (upande wa Syria), aliogopa khalifa na marafiki wasije wakamzuia. Yaani mtu anatoka kwenda kutafuta ikhlasi, nia safi, na bado imebidi afiche kidogo, na hilo nalo kaliandika!

Kwa hiyo ukiniuliza dini imefundisha nini, ntasema imefundisha kuikagua nia. Tendo linaonekana, nia haionekani hata na mwenyewe mpaka akae chini aitafute. Kusali hakumalizi hiyo kazi, na kunaweza hata kuificha zaidi, maana mtu akishajiona yuko upande wa Mungu hajikagui tena.

Na usidhani kuyajua maandiko kunatosha. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Darley na Batson, walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa seminari ya kipresbiteri pale Princeton, watu wanaosomea uchungaji hao. Waliambiwa waende jengo la pili wakatoe hotuba fupi, na baadhi yao hotuba yenyewe ilikuwa juu ya Msamaria mwema, yule wa kwenye Injili aliyemsaidia majeruhi njiani baada ya kuhani na Mlawi kumpita. Njiani wamewekewa mtu kajikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, wakimbie, asilimia 10. Kwenda kumhubiri Msamaria hakukuleta tofauti ya maana, na wapo waliomruka kabisa wakapita! Mi siwacheki wale vijana, walikuwa na haraka ya kumridhisha aliyewatuma, na hiyo haraka tunayo wote. Ila ukikisoma kile kisa tena, yule kuhani na yule Mlawi waliopita kando unaanza kuwaona tofauti, huenda hawakuwa na roho mbaya, huenda walikuwa wanachelewa tu.

SWALI: Naomba jibu fupi. Binadamu anazaliwa mwema au mbaya? Kila dini inasema lake.

JIBU: Fupi halipo, ila ntajitahidi. Uislamu unasema mtoto anazaliwa kwenye fitra, safi, mengine yanakuja baadaye. Augustino kwa upande wa Wakristo alisema tumezaliwa tayari tumeharibika, na ushahidi wake mmoja ni kujisema mwenyewe, akiwa na miaka 16 yeye na wenzake waliiba mapeari ya jirani wala hawakuwa na njaa, mengi wakawatupia nguruwe, kilichowafurahisha ni kwamba imekatazwa. Na akaongeza jambo ambalo wengi wanaliruka, kwamba peke yake asingeiba, ni ile kuwa kundi. Marabi wa Kiyahudi wanasema ndani ya mtu kuna misukumo miwili, mwema na mwovu, ila bila huo mwovu hakuna mtu angejenga nyumba, kuoa, kuzaa wala kufanya biashara. Hii ndo naipenda kuliko zote, kwamba kinachotuharibu ndicho hichohicho kinachotuendesha. Na huko China ya kale Mencius, mfuasi wa mwanafalsafa Confucius, alisema yeyote akiona mtoto anakaribia kutumbukia kisimani atashtuka kabla hajafikiria sifa wala shukrani, kwa hiyo wema tunao, alafu akaja Xunzi, naye mfuasi wa Confucius vilevile, akasema asili yetu ni mbaya na wema ni wa kufundishwa.

Sasa we acha wanavyobishana, angalia wanavyofanya. Wote wameweka ratiba! Saa za sala, siku za kufunga, siku ya mapumziko, ada za kurudiwa rudiwa. Hata anayeamini mtu kazaliwa safi hamwachii aje akiwa na hamu. Kwamba binadamu ni msahaulifu, hapo hawapishani, na Qur'ani imelieleza hilo bila kuremba, sura ya Yunus aya ya 12, mtu akiguswa na shida anamwita Mungu akiwa amelala ubavu, amekaa au amesimama, shida ikiondoka anaenda zake kama vile hakuwahi kuita. Nani hapa hajawahi kuahidi kitu akiwa kitandani anaumwa?

SWALI: Mimi siamini, naomba msinihubirie. Ila napenda kujua watu wakoje. Kuna kitu nitapata huko au nibaki na vitabu vya saikolojia?

JIBU: Sikuhubirii. Baki na saikolojia, ila ongeza wamonaki wa jangwa la Misri wa karne ya 4, maana hao walikaa peke yao miaka na miaka hawana la kufanya zaidi ya kuangalia mawazo yao yanavyokuja na kuondoka. Mmoja wao, Evagrius, aliorodhesha aina nane za mawazo yanayomsumbua mtu, na hiyo orodha ndo baadaye Papa Gregori wa Kwanza aliifumua kwenye karne ya 6 ikawa zile dhambi saba za mizizi unazozisikia.

Kasome alivyoeleza uzembe wa roho, ule unaomvamia mtu kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Jua anaona halisogei, siku inakuwa kama ina masaa hamsini. Anachungulia dirishani, anatoka nje kupima kama saa tisa ya kula imekaribia, anaangalia huku na huku kama kuna mwenzake anakuja. Kisha anaanza kuichukia sehemu aliyopo, kazi anaiona haina maana, anaona watu hawana upendo siku hizi, na kama kuna mtu alimuudhi majuzi ndo anamkumbuka saa hiyohiyo. Mwisho anawaza kuna sehemu nyingine ambako maisha ni rahisi zaidi, ahamie. Hujamaliza kusoma unajiuliza huyu mzee aliionaje ofisi yetu.

Huhitaji kuamini mashetani, ingawa yeye aliyaamini na kila wazo alilipa shetani wake. We angalia mpangilio tu, kwamba kuchoka kidogo kunageuka kuwa lawama kwa watu na lawama inageuka kuwa mpango wa kuondoka, yote hayo kabla ya chakula cha mchana. Dawa yake ilikuwa usitoke, kaa hapohapo na uendelee na ulichokuwa unafanya, na aliahidi kwamba ukiushinda huo hakuna wazo jingine baya linalofuata mara moja, inakuja amani. Anza na huyo, kaandika kwa vipande vifupi vifupi, alafu ukimaliza niandikie nikupe mwingine.